Sauti moja kwa redio na televisheni: Lakers walipoteza nini baada ya Chick Hearn?

Jina la Chick Hearn likitajwa, watu huanza kwa sifa, na ni haki yake. Aliwatangaza Los Angeles Lakers, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani, tangu Machi 1961 hadi Juni 2002. Lakini sifa zikiisha, wengi huongeza neno: kwamba ule mtindo wa mtangazaji mmoja kusikika redioni na kwenye televisheni kwa wakati mmoja ulikuwa wa kubana matumizi tu, wa zama ambazo mpira wa kikapu ulikuwa bado biashara ndogo. Kwa mtazamo huo, klabu ilipotenganisha matangazo hayo miaka michache baada ya kifo chake, ikaweka mtangazaji wa redio na mwingine wa televisheni, ilifanya tu kile ambacho kila taasisi iliyokomaa hufanya.

Hoja hiyo ina uzito, na nitaipa nafasi yake. Ila naamini inahukumu jambo ambalo haijalielewa vizuri, na hukumu hiyo ina athari leo. Machi 2023 Diamond Sports Group, kampuni iliyokuwa na chaneli za kebo za timu nyingi za NBA, iliomba kinga ya mahakama ya ufilisi. Mwaka huohuo Phoenix Suns na Utah Jazz walirudisha mechi zao kwenye televisheni ya bure inayonaswa kwa antena. Klabu zinahesabu upya kila dola, na kulipa watangazaji wawili waieleze mechi ileile ni gharama inayoonekana kwa macho. Mtindo wa sauti moja unaweza kurudi kwa sababu mbaya, ukafanywa vibaya, kisha ukalaumiwa mtindo wenyewe.

Tuwasikilize kwanza wanaoupinga. Wanasema redio na televisheni ni kazi mbili. Msikilizaji wa redio hana picha, kwa hiyo anahitaji kuambiwa mpira uko kwa nani, upande gani wa uwanja, zimebaki sekunde ngapi za kurusha, matokeo ni ngapi kwa ngapi. Mtazamaji anayaona yote hayo. Anachokihitaji ni yale ambayo kamera haimpi: kwa nini mlinzi amebadilishiwa mtu, kwa nini kocha ameomba muda. Wakati mwingine anahitaji kuachwa na kelele za uwanja peke yake. Halafu kuna marudio. Mchambuzi akisema "tazama mguu wake hapa", mtazamaji ananufaika na msikilizaji aliye kwenye gari anabaki gizani.

Wanaongeza, na hapa wana haki kabisa, kwamba sauti moja inayolazimika kueleza kila kitu humbana anayekaa kando yake. Hearn alijulikana kwa hilo. Wenzake walipata upenyo wa sentensi moja, kisha mpira ukachezwa. Hot Rod Hundley, aliyekuwa mchezaji wa Lakers, alipitia kiti hicho kabla ya kwenda kuwa sauti ya Jazz. Pat Riley alikaa hapo kuanzia 1977 hadi 1979, alipoitwa kuwa kocha msaidizi, na miaka miwili baadaye akawa kocha mkuu aliyeipa Lakers mataji manne. Stu Lantz alikaa kuanzia 1987 hadi mwisho wa enzi ya Hearn. Fikiria ujuzi wa mpira uliokuwa kichwani mwa Riley, na dakika chache alizopewa kuusema. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli.

Lakini sikiliza alichokuwa akifanya Hearn mwenyewe. Pale ukumbi wa Forum, uliokuwa uwanja wa nyumbani wa Lakers, alikaa juu, upande wa magharibi, na alikuwa na jina lake la kazi hiyo: kuuona mchezo kwa jicho la maneno. Hakusema "anarusha". Alisema anarusha kutoka futi 18, akitoka kulia kwenda kushoto kwenye redio yako. Mchezaji anayedunda mpira papo hapo akisubiri wenzake wajipange alikuwa "anachezesha yoyo". Mlinzi aliyedanganywa akaruka bure alikuwa amerushwa hadi kwenye mashine ya bisi. Maneno "slam dunk" (kuushindilia mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu) na "air ball" (mtupo usiogusa hata ringi), yanayosemwa leo kwenye kila uwanja wa kikapu duniani, kwa kawaida huhesabiwa kuwa yameenea kupitia kinywa chake. Na mechi ikishakuwa imeamuliwa, alitangaza kwamba imeingia kwenye friji: mlango umefungwa, taa zimezimwa, mayai yanapoa, siagi inaganda, jeli inatikisika.

Mtu akiambiwa kwamba maneno haya yalimzidia mtazamaji wa televisheni, aulize ni mtazamaji yupi. Mtu halisi hakai mbele ya skrini saa mbili na nusu bila kupepesa. Anainuka kugeuza nyama jikoni, anamnawisha mtoto, anapiga pasi mashati ya kesho. Nyumba nyingi zina mtu ambaye haoni vizuri, au haoni kabisa, na anaipenda timu kuliko wote waliomo humo. Utangazaji wa televisheni wa leo, wenye kimya chake kizuri na vicheko vya watangazaji, humwacha mtu huyo nje. Hearn hakuwahi kumwacha nje, na hakuhitaji kumtengea huduma maalumu. Bibi aliyepoteza macho na mjukuu aliyekodoa macho walikaa kochi moja wakapata mechi moja.

Kuna namba inayotajwa mno kuhusu Hearn bila watu kukaa nayo: mechi 3,338 mfululizo. Zilianza Novemba 21, 1965, siku moja baada ya hali mbaya ya hewa kumkwamisha Arkansas asifike kazini, na zikakoma Desemba 16, 2001, alipolazimika kufanyiwa upasuaji wa moyo akiwa na miaka 85. Mechi moja ina dakika 48 za mchezo. Zidisha, usihesabu hata muda wa nyongeza: unapata dakika 160,224, yaani zaidi ya saa 2,670, sawa na siku 111 za usiku na mchana bila kulala, mpira ukiwa unachezwa muda wote. Na hapo hujaongeza mapumziko, faulo, mitupo huru na dakika zile za mwisho zinazochukua robo saa. Msimu wa kawaida ni mechi 82, kwa hiyo namba hiyo ni zaidi ya misimu 40 iliyoshindiliwa ndani ya miaka 36. Ziada yake ni mechi za mtoano, zile ambazo mji mzima hukusanyika kusikiliza.

Namba hiyo hutajwa kama rekodi ya uvumilivu. Mimi naiona zaidi kama kumbukumbu ya mji. Los Angeles ni mji wa barabara kuu na foleni. Wengi wanaofuatilia mechi ya saa moja na nusu jioni bado wako njiani. Aliyekuwa kwenye gari na aliyekuwa sebuleni walisikia sentensi ileile, kwa mdomo uleule, sekunde ileile. Ndiyo, si kila mechi ilionyeshwa. Kwa miaka mingi walioziona walikuwa wakiona zaidi zile za ugenini kwenye chaneli 9, na za nyumbani zilipata makao ya kudumu kwenye kebo pale Jerry Buss, mmiliki wa timu, aliposhiriki kuanzisha chaneli ya michezo ya Prime Ticket mwaka 1985. Lakini popote mechi ilipoonyeshwa, kesho yake kazini hapakuwa na swali la "wewe ulimsikia nani?"

Linganisha na Januari 22, 2006. Kobe Bryant aliwafunga Toronto Raptors pointi 81 katika ushindi wa 122 kwa 104, alama nyingi zaidi kwa mtu mmoja tangu zile 100 za Wilt Chamberlain mwaka 1962. Matangazo yalikuwa yameshatenganishwa. Waliotazama wana sauti ya Joel Meyers. Waliokuwa redioni wana ya Spero Dedes. Wote wawili walifanya kazi nzuri. Lakini ule usiku mkubwa kuliko yote wa mchezaji mmoja wa Lakers umehifadhiwa kwenye masanduku mawili, na mashabiki wawili wa timu moja hawawezi kunukuu pamoja mstari mmoja wa usiku huo. Miaka kumi baadaye, Aprili 13, 2016, Kobe alipoaga kwa pointi 60 dhidi ya Jazz, ikawa vivyo hivyo: Bill Macdonald kwenye televisheni, John Ireland redioni.

Mtu atasema mgawanyiko huo ulikuwepo hata enzi za Hearn, kwa kuwa fainali zilionyeshwa na mitandao ya kitaifa yenye watangazaji wake. Ni kweli, na kilichotokea hapo ndicho kinachonishawishi zaidi. Watu wa Los Angeles walizima sauti ya televisheni wakawasha redio. Walikuwa na watangazaji bora wa nchi nzima mbele yao, walioandaliwa mahususi kwa ajili ya picha, na bado wakachagua maneno ya redio juu ya picha ya televisheni. Hawakuona kwamba yamezidi. Hata mechi yake ya mwisho, Juni 12, 2002, Lakers walipomaliza New Jersey Nets kwa michezo minne bila jibu, wengi waliipokea hivyo. Agosti 5 mwaka huo alifariki baada ya kuanguka nyumbani kwake.

Sidai kwamba timu yoyote ikimwita mtu yeyote kufanya kazi zote mbili itampata Hearn. Hundley aliifanya Utah hadi 2005, kisha akabaki redioni hadi alipostaafu 2009. Al McCoy naye aliifanya kwa Suns, kabla ya kubaki na redio ndani ya misimu yake 51. Hao walikuwa watu wa redio waliokubaliwa kuingia kwenye televisheni. Hatari ya leo ni kinyume chake: kumchukua mtangazaji wa televisheni, aliyezoea kuachia picha iseme, na kumrusha hewani redioni ili mshahara mmoja upungue. Msikilizaji wa redio ndiye atakayeumia, na ndiye asiye na njia nyingine. Tuliokua na mpira wa redioni tunajua mtangazaji akinyamaza sekunde tano uwanja wote unatoweka.

Na tukumbuke nani hubaki redioni. Mwaka 2012 Lakers walihamisha mechi zao zote zilizokuwa zikitangazwa na vituo vya mji wao kwenda chaneli mpya ya Time Warner Cable, kwa mkataba wa miaka 20 wenye thamani ya mabilioni ya dola. Chaneli 9 ya bure ikaisha kwa Lakers. Msimu ulipoanza, kampuni kadhaa za televisheni ya kulipia, DirecTV ikiwemo, hazikuwa zimeafikiana kuibeba chaneli hiyo, na familia zilizowafuata Lakers kwa vizazi viwili zikakaa mbele ya skrini zisizo na timu. Jambo jema moja lilitoka humo: chaneli pacha ya Kihispania, kwa mji ambao mamilioni ya wakazi wake huongea lugha hiyo. Kwa wengine, redio ndiyo iliyobaki, ikiwa na sauti tofauti na ile iliyokuwa imefungiwa nyuma ya malipo.

Kwa hiyo kama klabu itarudi kwenye sauti moja, nafasi hiyo apewe mtu wa redio, na mchambuzi apewe muda wake unaojulikana: kila mpira unaposimama, na akionyesha marudio aseme kwa maneno kilichomo ndani ya picha. Kuna faida nyingine ambayo haikuwepo zamani. Leo picha ya dijitali na ya intaneti hufika imechelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio. Ule ujanja wa kuzima sauti ya televisheni na kuwasha redio umeharibika: unasikia kikapu kimeingia wakati mikononi mwa mchezaji bado unauona mpira. Shabiki anayetaka maneno ya redio pamoja na picha hawezi tena kujiunganishia mwenyewe. Ni klabu pekee inayoweza kumfanyia hivyo, kwa kuipitisha sauti hiyo kwenye waya uleule wa picha.