Supanova: Zipangwe kwa Sura au kwa Chanzo?

Mwaka 1941 mwanaastronomia Rudolph Minkowski alizigawa supanova, yaani milipuko ya nyota zinapokufa, mafungu mawili kwa swali moja tu: je, nuru yake ina alama za haidrojeni? Zisizo nazo zikawa aina ya I, zenye nazo aina ya II. Baadaye fungu la kwanza likapasuliwa tena: Ia ina alama ya silikoni, Ib ina heli, Ic haina hiyo wala hiyo. Herufi hizo ndizo zinazotumika hadi leo, na wapo wanaotaka zistaafu, supanova zipangwe kwa chanzo cha mlipuko.

Hoja yao si nyepesi. Ib, Ic na II ni ndugu wa damu. Zote huzaliwa na nyota kubwa, zenye uzito wa kama Jua mara nane au zaidi, ambazo kiini chake kimeishia kuwa chuma. Chuma kikiunganishwa hakizai nishati, hivyo kiini hukosa cha kukihimili, huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na kinachosalia ni nyota ya nyutroni au shimo jeusi. Ib ni nyota iliyovuliwa tabaka la haidrojeni kabla ya kufa. Ic imevuliwa hata heli. Ia haimo kabisa katika ukoo huo: ni kibete cheupe, mabaki ya nyota ya wastani, kinacholipuka chote kwa moto wa kinyuklia wa kaboni na oksijeni. Hata hivyo imepewa namba moja na Ib! SN 1993J, katika galaksi ya M81, ilianza kama aina ya II na baada ya wiki chache ikafanana na Ib. Chanzo cha kifo chake hakikubadilika. Haidrojeni yake ilikuwa chache tu.

Lakini chanzo hakionekani, nuru inaonekana. Daktari makini huandika kwanza "homa", malaria husubiri kipimo. Na kipimo cha supanova ni adimu: SN 1987A, iliyotokea kwa jirani zetu katika galaksi ndogo ya Wingu Kubwa la Magellan, ndiyo pekee iliyotuletea nyutrino, chembe ndogo mno zinazotoka ndani ya kiini, kama dazeni mbili hivi, zilizonaswa saa chache kabla nuru yake haijaonekana. Zilithibitisha kwamba kiini kiliporomoka. Hata hapo wataalamu walishtuka, maana nyota iliyolipuka ilikuwa jitu la buluu, nao walitarajia jekundu.

Ia ndiyo inayonifanya nisite zaidi. Vitabu vingi husimulia kwamba kibete hunyonya gesi ya nyota mwenza mpaka kikaribie uzito wa Jua mara 1.4, kisha kinalipuka. Maelezo mengine ni kwamba vibete viwili hugongana. SN 2011fe ililipuka katika galaksi ya M101, na picha za darubini ya Hubble zilizopigwa kabla ya hapo hazikuonyesha pale jitu lolote jekundu ambalo lingeweza kuwa mwenza. Upande wa pili una PTF 11kx, Ia iliyokutwa imezungukwa na gesi ambayo huenda ilimwagwa na mwenza. Mimi naona vibete viwili vina ushahidi mzito zaidi, ila si kwa kesi zote. Tungeziita kwa chanzo miaka thelathini iliyopita, leo tungekuwa tunafuta majina.

Tena kutojua chanzo hakukuwazuia waliogundua mwaka 1998 kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka, wakapata Nobeli mwaka 2011. Walitegemea Ia kupimia umbali, kwa kulinganisha mng'ao wake na kasi ya kufifia kwake. Hapa ndipo wapinzani wa herufi wanaponigusa, kwa sababu kama Ia za kale zilitokana na mchanganyiko tofauti wa vyanzo, vipimo hivyo vinaweza kupinda kidogo, na herufi peke yake haitatuonya.

Basi herufi zibaki, na chanzo kiandikwe kando yake pale kilipothibitika. Kwa Ib na Ic kazi hiyo ni rahisi. Kwa Ia nafasi hiyo iachwe wazi, na vitabu viache kusimulia habari ya nyota mwenza kana kwamba kesi imekwisha.