Nicodemus haikufa, ilirukwa na reli

Kila ninaposoma mahali kwamba Nicodemus ni "mji uliokufa", nakereka. Kijiji hicho kiko Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, na kuna watu wanaishi pale mpaka leo.

Ardhi ya Graham ni nyika ya majani, mvua haba, miti ya kuhesabu kandokando ya Mto Solomon. Mwaka 1877 walianza kufika watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani, wakitafuta shamba lisilo na bwana. Inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya kwanza waliokolewa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, waliotoka kuwinda, wakawagawia chakula.

Mwaka 1878 akaja Willianna Hickman na mumewe. Walishuka treni katika mji wa Ellis, kisha safari ya siku mbili nyikani, naye mgonjwa. Wanaume wakapaza sauti: Nicodemus ile pale! Akakaza macho, asione kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Mbao za kujengea zilikuwa adimu, basi watu walikuwa wamechimba makao udongoni, na moshi ule ulikuwa wa meko yao. Mama yule akaangua kilio. Nikifika hapo katika simulizi lake huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Baadhi waligeuza njia. Waliobaki walilima, na ndani ya miaka kumi walikuwa na makanisa, hoteli, maduka, hata magazeti mawili. Edward McCabe, mkazi wao, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Mwaka 1882, jamani!

Kilichowaponza ni reli. Mwaka 1887 walipiga kura kutoa hatifungani, yaani hati za mkopo, za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific, haikuja. Mwaka uliofuata reli ya kampuni nyingine, Union Pacific, ikapita ng'ambo ya mto, na wafanyabiashara wakahamia Bogue, kilomita chache tu kutoka pale. Kwa hiyo anayesema wakulima wale walishindwa anawaonea. Walilima, walijenga, walikuwa tayari hata kukopa. Njia ya reli ilichorwa na wengine.

Leo kaunti nzima haifikishi watu 2,500. Lakini kila mwisho wa Julai vitukuu wa wale wa mashimoni hurudi Nicodemus kutoka majimbo ya mbali, wakasherehekea uhuru pale pale ulipofuka ule moshi.