Sikuzimia, Jamani, Nilikuwa Nakula Dagaa

Najua mmeshasikia toleo la yule jamaa wa uhasibu, kwamba nilianguka chooni nikazindukia kwenye gari la wagonjwa. Mwongo. Choo hakimo kabisa kwenye habari hii.

Jana kulikuwa na kikao saa nne. Mimi nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, na habari za kikao sikuwa nazo. Saa saba bosi, mama wa Kiingereza mwenye huruma za kupitiliza, akaandika kuuliza kulikoni. Nilitaka kumwambia sikuwa na ufahamu wa kikao hicho. Neno lake ni "unaware", ila mwezi huu nilishamwandikia hilo mara tatu, nikaona linachakaa. Nikafungua kamusi, nikatafuta "fahamu", nikakutana na "consciousness". Basi nikajitengenezea jibu, nikatuma: "Sorry, I was unconscious."

Mnaocheka mapema, subirini wenzenu. Fahamu yetu sisi ni ile ile, ya kuelewa jambo na ya mtu aliyegongwa na bodaboda. Waingereza wamezigawa. "Unaware" ni kutokuwa na habari. "Unconscious" ikifuatwa na "of" inaponea chupuchupu, kwa sababu unataja kitu ambacho hukukitambua. Ukiikata kwa nukta, umezimia. Mimi niliweka nukta. Tena nilipenda ilivyokaa.

Simu ikaita kabla sijafikisha tonge mdomoni. Hapa twendeni polepole.

"Do you know who this is?" Sauti laini, kama anambembeleza mtoto. Nikasema ndiyo, madam.

"Do you know what day it is?"

Nyie mliolelewa na mama wa Kiswahili, hebu niambieni. Mkubwa akikuuliza "Unajua leo siku gani?", anataka kutajiwa siku? Hilo ni karipio! Ukithubutu kujibu "Jumanne", umeongeza kosa juu ya kosa. Nikainamisha kichwa, peke yangu sebuleni, tonge mkononi, nikajibu kwa adabu zangu zote: "No, madam. I am very sorry."

Kimya. Nikasikia ananong'ona na mtu.

"And when did you come round?"

Hiyo sasa nilikuwa naijua! "Come round" ni kupita kwa mtu kumsalimia, na yeye mwenyewe ndiye aliyetualika kwake kwa maneno hayo hayo. Kumbe ina mwenzake aliyejificha humo humo, kuzinduka. Nikajua yameisha, ananikumbushia mazuri. Nikajibu kwa bashasha: "In December, with my wife!"

Tuko Julai.

"Don't stand up," akasema. Nikamshukuru.

Gari la ofisi likaja na nesi, mtaa ukajaa, mke wangu akapigiwa simu kazini akaangua kilio, presha ikapimwa ikawa 120 kwa 80, dagaa wakapoa. Nikajitetea kuhusu kikao: "I have just realised!" Nesi akamwambia dereva, "Ndiyo anazinduka." Nilipaswa kusema "I have just found out", kwa sababu habari nililetewa na mtu. "Realise" ni akili yako yenyewe kushtuka, na kwa hali niliyokuwa nayo kwenye kochi lile, ilizidi kunididimiza.

Leo nimekuta pakiti mbili za glukosi mezani kwangu. Jamaa wa uhasibu anasema hajui zimetoka wapi.

Kikao kimesogezwa Alhamisi, saa nne ile ile. Nimejibu neno moja tu, "Noted", na hata hilo mke wangu amelikagua kwanza.