Alikosea nini, na alikosea saa ngapi?

Jumatatu, kwenye daladala ya Mbagala, mama mmoja mtu mzima alimwambia binti aliyekaa mbele yangu amfunike mwanawe kichwa, "humu ndani kuna wajawazito." Mtoto ana kichwa kikubwa, walikuwa wanatoka kliniki. Yule binti akavuta kanga, akamfunika, akageukia dirishani. Gari zima kimya. Nami nilinyamaza, na mpaka leo inanichoma, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Dada yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi, hali ambayo mara nyingi huja pamoja na kichwa kikubwa, miaka sita iliyopita. Mtoto hajatoka hata wodini baada ya upasuaji, mkwewe ameshaanza: ulikula nini, ulimtukana nani, kwenu mna nini? Shemeji akasema kwenye ukoo wao hayapo mambo hayo. Akaondoka.

Jamani, ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Usipojifunga, ndiyo mgongo wazi. Siku 28! Wakati huo mwanamke ndiyo kwanza anajiuliza mbona siku zake zimechelewa. Foliki asidi, vitamini inayosaidia mrija huo ujifunge, anayopewa kliniki mimba ikiwa na miezi minne inamsaidia kwa mengine, kwa hili imeshachelewa. Unga wa viwanda vikubwa hutakiwa kuongezwa foliki asidi, lakini sisi tunasagisha mashine ya mtaani. Na hata anayekula vizuri anaweza kumzaa mtoto huyu. Sasa alikosea nini, na alikosea saa ngapi?

Wapo akina baba wanaobaki, nakubali. Siku ya kliniki nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na dada hachoshwi na mtoto, anachoshwa na kuwa peke yake. Kila baada ya saa chache anamtoa mkojo kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo, maana mkojo ukilala kwenye kibofu unaharibu figo. Shuleni hakuna wa kumfanyia, basi dada anakaa chini ya mwembe mpaka kengele ya mwisho. Genge lake la nyanya lilikufa. Kikoba alijitoa.

Mwezi uliopita tulifiwa na mama mkubwa. Dada alikuja, akatoa pole, akaondoka kabla ya kuzika. Wakamsema. Usiku akaniambia anatamani mtu mmoja tu mwingine ajue kutumia ule mpira.

Miaka sita, sikuwahi kumwomba anifundishe. Jumamosi asubuhi naenda kwake.