Unapasha joto nyumba au unapasha joto mtaa?

Kila ikifika Novemba Wabongo wa huku Uingereza tunarudi kwenye ubishi uleule, wengine wanasema zima hita vaa sweta mbili acha kulialia, wengine wanasema mwenye nyumba ndo wa kulaumiwa maana katupangisha friji. Mi nina mwaka wa nne kwenye nyumba ya matofali ya enzi za Malkia Victoria, zile zilizobebana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, na naona kila upande una haki yake ila mizani haikai sawa.

Nyumba nyingi za kabla ya miaka ya 1920 ukuta wake ni tofali tupu, hauna ule uwazi wa katikati wa kushindilia sufi ya kuzuia baridi, sakafu ni mbao zenye nyufa, dirisha linacheza, halafu kuna chimni, yaani bomba la moshi la kwenye paa, hakuna anayeitumia lakini upepo unaijua vizuri. Ukiwasha boila, ule mtambo wa kupasha nyumba, ni kuchota maji kwa pakacha. Jioni chumba kinafika nyuzi 19, unazima ukalale, asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Kuvalisha ukuta wa namna hiyo tabaka la kuzuia baridi kunakula maelfu ya pauni, na wengi wao si matajiri, ana hiyo nyumba moja tu na mkopo wa benki juu yake. Ukimbana sana anauza, au anatengeneza alafu anapandisha kodi, na wewe ulodai ukuta mzuri ndo wa kwanza kuhama. Hilo tusilipuuze.

Lakini jamani, ukuta ni wake na bili ni yangu! Hapo ndo penye kidonda. Akitia pesa, nafuu naipata mimi, asipotia, hasara naipata mimi, sasa ahangaike kwa lipi? Ndo maana sheria ikaingia, England na Wales tangu 2020 nyumba ya kupangisha inatakiwa ifike angalau daraja E kwenye cheti cha nishati, kinachoanzia A iliyo bora mpaka G iliyo mbovu. Sawa, ila sheria hiyohiyo ikasema hatolazimishwa kutumia zaidi ya pauni 3,500, kama hazitoshi kufika E anaomba msamaha wa miaka mitano. Na mkaguzi wa hicho cheti hatoboi ukuta, mengi anakadiria kwa umri wa nyumba. Yangu ina E, ni E ya karatasi.

Wazee wa sweta wana point yao, hasa kwa wale tunaotoka Dar tunaotaka kukaa na singlendi mwezi wa kwanza. Kuziba nyufa za mlango, pazia zito, kupasha chumba kimoja, vyote vinasaidia kweli. Ila sweta haikaushi ukuta. Ukibana hita sana unyevu unaganda kwenye kona na ukungu mweusi unaanza, na Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 18 kama kiwango salama cha ndani. Mtoto Awaab Ishak wa Rochdale alifariki 2020 akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu wa nyumbani, tusifanye utani hapo.

Msaada upo, kuna lile punguzo la pauni 150 kwenye bili, ila ni la wanaopokea mafao ya serikali, na wengi wetu viza zinasema wazi usiguse mafao. Kwa hiyo unabaki na mita ya kulipia kabla, kama luku tu, unahesabu.

Kwangu mimi dari ijazwe sufi na madirisha yazibwe kwa gharama ya mwenye nyumba, hayo si ya mamilioni, ukuta tujadiliane. Na tukitafuta nyumba tuulize bili ya baridi iliyopita, kodi ya bei poa inaweza kuwa ghali ukijumlisha.

Mwenye nyumba wangu alikuja juzi kuangalia ukungu. Akaniambia niwe nafungua madirisha. Kakaa sebuleni dakika ishirini, koti hakuvua.