Biashara ruksa, matangazo marufuku: mzozo wa redio za CB kwenye barabara za Marekani

Dereva mgeni wa lori Marekani, awe ametoka Eldoret, Arusha au Bukavu, ni rahisi aamini kwamba redio ya CB, ile redio ndogo ya kubonyeza na kuongea na walio karibu, haitakiwi kabisa kutumika kibiashara. Sivyo. Kanuni za FCC, tume inayosimamia mawasiliano ya nchi hiyo, zinaruhusu wazi mazungumzo ya shughuli binafsi na ya biashara. Dereva akimuuliza mwenzake ashushe mzigo mlango gani, hajavunja chochote. Kilichokatazwa ni kutangaza bidhaa au huduma, kumpigia debe mgombea wa siasa, na kurusha ujumbe wa watu kwa malipo.

Historia inashangaza kidogo hapa. Masafa ya megahezi 27 yalipofunguliwa kwa wananchi mwaka 1958, wafanyabiashara wadogo walikuwa miongoni mwa waliolengwa: mafundi bomba, mafundi umeme, wenye magari ya mizigo. Kilichopigwa marufuku wakati ule ni porojo, yaani kuwasha redio kwa ajili ya kupiga soga tu, na marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo anayedai kwamba CB ni ya burudani na pesa zikae mbali nayo anasahau ilikoanzia.

Sasa fikiria kituo cha malori kando ya barabara kuu ya I-80, saa tatu usiku, magari yamejipanga safu kwa safu. Kwenye chaneli 19, wanakokutana madereva, inasikika sauti: nang'arisha rimu na tangi, alumini itawaka kama kioo, anayetaka anifuate chaneli 14 tupatane bei. Dakika chache baadaye anarudia. Mtu huyu hana duka wala bango, na wateja wake wote wamelala ndani ya eneo ambalo sauti yake inafika. Tangazo lenyewe ni la sekunde kumi. Kwa mujibu wa kanuni, amekosa.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Simu na programu zake zimechukua sehemu kubwa ya maongezi ya barabarani, na kuna saa nyingi ambazo chaneli 19 iko kimya. Kumnyima mlalahoi sekunde kumi za hewa ambayo haina mtu ni ukali usio na faida. Tena madereva wenyewe wanaihitaji huduma hiyo.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Chaneli zipo 40, lakini kisheria ni chaneli 9 tu iliyotengwa, kwa dharura na kwa kusaidia wasafiri. Chaneli 19 ni desturi ya madereva, na thamani yake ni kwamba wote wapo hapo. Theluji ikifunga barabara jimboni Wyoming na simu ikakosa mtandao, ni hapo utakaposikia kuwa lori limelala kifudifudi mbele. CB nyingi bado zinatumia AM, mtindo wa zamani wa kurusha sauti, na wawili wakibonyeza kwa pamoja msikilizaji hupata mluzi, asielewe hata mmoja. Ruhusu tangazo moja, na kesho watakuja kumi, wa mwisho akiwa kampuni yenye pesa inayorudia usiku kucha.

Mimi naona marufuku ya matangazo kwenye chaneli 19 ni ya haki, ila mkono wa sheria umeelekezwa pasipostahili. Kikomo cha AM ni wati 4, na nguvu hiyo huishia kilomita chache. Anayenadi kwa wati 4 ni kero ndogo. Anayefunga amplifaya, yaani kikuza nguvu, ya mamia ya wati, awe ananadi au anapiga soga, anawafuta watu waliomo ndani ya maili nyingi. Huyo ndiye wa kutafutwa.

Kumpata ni kazi. Leseni zilifutwa mwaka 1983, hivyo hakuna jina la kituo wala daftari la watumiaji, na afisa hana budi kuzunguka na gari lenye vifaa vya kutafuta mawimbi yanakotoka. Sheria ya mwaka 2000 iliziruhusu serikali za majimbo na miji kushughulikia amplifaya na masafa yasiyoruhusiwa, lakini ikawakinga walio ndani ya magari ya biashara: lazima kwanza kuwe na sababu ya msingi ya kuwashuku. Kinga hiyo inaeleweka, kwani bila hiyo kila mji ungeligeuza lori kuwa chanzo cha faini.

Ndiyo maana nakubaliana zaidi na njia ya mwaka 2004, pale FCC ilipopendekeza faini ya dola 125,000 dhidi ya kampuni ya vituo vya malori iliyokuwa ikiuza redio zilizoitwa za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wenye leseni, ilhali zilikuwa rahisi kugeuzwa ziwe CB. Muuzaji ana anwani, ana rafu, ana risiti.

Mng'arisha rimu apewe chaneli moja kati ya zile 40, kwa wati 4 zilezile, na matangazo mafupi. Watasema hakuna atakayeisikiliza. Lakini dereva anayetaka rimu zake zing'ae ataitafuta, kama ambavyo leo anahamia chaneli 14 kupatana bei, na aliye katikati ya theluji ataachiwa 19 yake.