Kijiko cha Babu Steshen

Jamani Jumamosi hii niko msibani hapa Isevya, Tabora, nimekaa mezani na daftari la rambirambi, watu wananikabidhi hela na wala hawasubiri nihesabu maana mtaa mzima unajua mimi ndo mweka hazina wa misiba na sijawahi kuchengesha hata mia, mara simu inatetemeka mfukoni, nafungua nikidhani ni mchango wa mtu wa mbali. Kumbe yeye, Babu Steshen. "Kijiko bado."

Basi, meseji yote ndo hiyo. Hakuna shikamoo wala marahaba, hakuna habari za huko, mtu mzima na kofia yake kakaa Kigoma anamwandikia mtu mzima mwenzake kijiko bado, tena saa ya kumwaga udongo.

Likizo ya mwezi wa sita mama watoto akasema na sisi mwaka huu tuende ufukweni, tukakae nyumba ya mapumziko kama watu. Nikamwambia Ziwa Victoria limetufuata lenyewe kwa bomba mpaka Tabora, sisi tukafuate ziwa gani tena. Akanionesha picha kwenye simu. Nyumba nyeupe, mchanga mweupe, kiti cha kujinyoosha, maji ya bluu mpaka unahisi baridi miguuni. Kigoma, upande wa Katonga, 80,000 kwa usiku na dhamana 50,000 ambayo "itarudishwa baada ya ukaguzi". Mi hilo neno ukaguzi nililipita tu, nikajua ni lugha ya matangazo.

Mama mkwe akasikia. Hakualikwa, alisikia tu, na kwa mila zetu mama mkwe akishasikia ndo kaalikwa. Akaja na begi lake, sufuria lake analolipenda lisilo na mfuniko, na kilo tano za unga wa muhogo, yaani unapeleka unga wa muhogo Kigoma. Nikanyamaza. Mkwe ni mkwe.

Safari sisemi. Urambo, Kaliua, Uvinza, mtoto wa mwisho kanitapikia Kaliua na Uvinza akarudia, tumefika jua linazama, kila mtu anataka choo, mimi nanuka maziwa yaliyochacha. Na hapo getini ndo kasimama mzee. Kofia ya reli kichwani, filimbi shingoni, kauntabuku kubwa kwapani, peni imechomekwa sikioni. Mstaafu wa reli, alikuwa mkuu wa steshen moja ndogo huko njiani, watoto dakika hiyohiyo wakampa jina Babu Steshen na jina likamkaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmechelewa."

"Basi lilipata pancha mzee wangu."

"Mmechelewa," akarudia, akaandika. Aliandika kweli, saa na dakika.

Mi nikajua anatoa funguo tuingie. Akapuliza filimbi. Watoto wakajipanga mstari wenyewe sijui nani kawafundisha, mama mkwe naye nikamuona anasogea kidogo kuingia mstarini. "Kabla abiria hawajaingia," akasema, "mzigo unahesabiwa." Nikamwambia mzee mzigo wetu ni huu hapa. Akasema si wenu, wetu.

Akaanza sebuleni. Yeye anasoma, mimi naitikia "ipo", mama watoto anaonesha kwa mkono. Makochi matatu, ipo. Kitambaa cha kochi kimoja kimechanika upande wa ukuta, ipo. Kalenda ya mwaka juzi, ipo. Feni moja, haizunguki, ipo. Nikasema sasa mzee feni haizunguki ya nini kuandika, akanitazama juu ya miwani. "Ili usije ukasema umeikuta inazunguka." Mtoto wa kati akasema baba mkojo. Mzee akasema choo kiko ukurasa wa nne, tutafika.

Chumba cha kwanza. Kitanda futi tano kwa sita. Godoro. Chandarua kimoja, matundu mawili. Akayatafuta matundu, akayapata, akayahesabu, likawepo la tatu. Akasimama pale kama dakika nzima akilitazama hilo tundu la tatu, halafu akanitazama mimi, mtu ambaye sijavuka hata kizingiti cha chumba. Akaandika "matundu matatu, tazama wageni waliopita". Nikawahurumia waliopita.

Jikoni sasa. Sufuria bila mifuniko, tatu. Mifuniko bila sufuria, minne. Visu viwili, kimoja hakikati. Chujio la chai. Vijiko vya chai. Hapa akavua kofia. Akavitandika mezani kimoja kimoja, akaanza, moja, mbili, tatu, akafika saba mtoto wa mwisho akauliza babu una treni? Hesabu ikapotea. Akaanza upya. Kufika tisa mama mkwe akapiga chafya, mzee akasema afya mama, hesabu ikapotea. Mara ya tatu hata mimi nilikuwa nimebana pumzi. Kumi na moja, kimoja kimepinda shingo. "Rudia," akaniambia. Nikasema kumi na moja mzee. "Na kilichopinda?" Kimo humo humo mzee. "Saini."

Mimi huyu ninayesaini hela za marehemu nikasaini vijiko, gizani, kwa tochi ya simu, kwa sababu umeme nao ulikuwa umekatika na hilo aliliandika pia.

Asubuhi nikasema haya, ya jana yamepita, twende ufukweni. Hakuna ufukwe. Nikamwita mzee, nikamwonesha ile picha. Akaitazama vizuri tu, akasema hiyo ya zamani, kabla maji hayajapanda ile 2020 na 2021. Sasa mchanga uko wapi? "Upo. Uko chini ya maji." Alisema kama anamweleza mtu treni ipo, imesimama tu. Tukabaki na mawe, kile kiti cha kujinyoosha kakifunga kwa mnyororo kwenye mti wa mwembe, na ruhusa ya kuogelea mpaka saa kumi na mbili jioni kwa sababu, nanukuu, mamba hakuna ila tusizoee.

Maji ya bomba yanatoka alfajiri nusu saa. Fikiria wewe, unasimama na ndoo unasubiri bomba lidondoshe, mgongoni kwako kuna Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi. Usiku simu inanikaribisha nchi jirani, kila nikigeuka upande wa ziwani imekula salio. Tumbili wakabeba mkate dirishani. Shemeji wa Ujiji akaja kutusalimia na watoto wake, salamu zikachukua siku mbili. Choo kimoja, mimi na mama mkwe, hilo mnielewe wenyewe sitalifafanua, kuna asubuhi nilikwenda kujisaidia kwa jirani nikajifanya naulizia bei ya ndizi.

Siku ya kuondoka ndo kilio. Bajaji iko nje inapiga honi, basi linaondoka asubuhi na halimsubiri mtu, filimbi ikalia. Makochi, ipo. Kalenda, ipo. Chandarua matundu matatu, ahsante Mungu. Jikoni, kofia ikavuliwa. Akahesabu. Kumi. Akahesabu tena. Kumi. Kilichopinda shingo kipo, mzima wake mmoja hayupo.

Nikamwambia mzee itakuwa tumbili. Maana tumbili wale si walibeba mkate mbele ya macho yake. Akafunga kauntabuku taratibu. "Bwana mdogo, mimi nimeishi na tumbili wa hapa miaka mingi. Hawatumii kijiko."

Nikatoa hela, nikasema mzee kijiko cha mia tano chukua elfu mbili tuondoke. Akakataa, akasema dhamana si biashara. Halafu akanyoosha kidole ziwani na ndo akaanza, bajaji inalia, watoto wanalia. "Unaijua Liemba?" Naijua mzee, kila mtu anaijua. "Reli ilifika hapa 1914. Ile meli ikaletwa kwa reli kutoka pwani, vipande vipande kwenye masanduku, imetoka Ujerumani. Ikaungwa hapa hapa Kigoma, 1915 ikashuka majini. 1916 Mjerumani akaona anashindwa vita, akaizamisha mwenyewe, lakini kwanza injini akaipaka grisi. Umesikia? Grisi! 1924 Mwingereza akaiibua. 1927 ikarudi kazini." Akanisogelea. "Meli nzima, miaka minane chini ya maji, imepatikana. Wewe kijiko kimoja, nyumba kavu."

Sasa hapo unajibu nini? Mi nilikaa kimya, kwanza sikuwa na pa kuanzia, masanduku yale yote yamesafirishwa bila kupotea na mimi hata kijiko sina.

"Mabegi," akasema.

Tukafungua mabegi. Langu, la mama watoto, ya watoto, madaftari, nguo mbichi, mawe waliyookota. Hamna. Likabaki begi la mama mkwe. Nikasema hapana mzee, hapo hapana, huyu ni mkwe wangu, kwetu mimi hata kandambili zake sivuki, begi lake halipekuliwi nikiwa hai. Nilisimama kifua mbele, nilijisikia mwanaume hasa. Mama mkwe mwenyewe akasema, "Baba, mwache apekue, mtu msafi haogopi." Akafungua zipu kwa mkono wake.

Kanga. Kanga. Sabuni. Kipande cha muhogo. Lile sufuria lake analolipenda. Juu ya sufuria, mfuniko.

Sufuria ambalo limetoka Tabora bila mfuniko. Na mfuniko wenyewe umekaa pale kama wamezaliwa pamoja.

Hakuna aliyesema kitu. Bajaji yenyewe ikanyamaza. Mzee akauchukua mfuniko kwa vidole viwili, akafungua kauntabuku, akaandika taratibu huku akisoma kwa sauti, "mifuniko bila sufuria, minne, mmoja umepatikana safarini". Mama mkwe akasema alidhani ni wake. Mama watoto akageukia ziwa akalitazama ghafla kwa mapenzi makubwa. Na mimi kuanzia Kigoma mpaka Uvinza nilikuwa nasoma vibao vya barabarani tu, sijui hata kama alikunywa maji, sikuthubutu kugeuka, na mpaka leo akija nyumbani mama watoto anaficha masufuria yote mapema, si kwamba tunamdhania, ila ili asione tunamdhania, sasa akiona jiko tupu ndo anadhani nini? Hebu niambieni nyie. Mtu umelipa hela kupumzika umerudi na kesi mbili, moja ya kijiko na moja ya mkwe, dhamana imezuiwa elfu hamsini nzima kwa kijiko cha mia tano, nikipiga anasema ukaguzi unaendelea, unaendelea wapi wakati nyumba ina jiko moja na meza moja! Juzi mama watoto akamwambia tutatuma hela ya kijiko, mzee akakubali kwa mara ya kwanza, 1,500. Mia tano ya kijiko na iliyobaki ya kutolea. Akakaa akafikiri, akapiga tena, akasema hapana, anataka kijiko kinachofanana na wenzake.

Nimetembea soko lote la Tabora na picha ya kijiko kwenye simu. Muuza vyombo mmoja akaniuliza kama ni kumbukumbu ya marehemu.

Na ya dagaa mniache kabisa. Kila ninayekutana naye, umetoka Kigoma dagaa wetu wako wapi, migebuka iko wapi. Nasema ziwa limefungwa. Wanacheka, ziwa linafungwaje, lina mlango? Nimeeleza mpaka koo limekauka kwamba tangu 2024 uvuvi unasimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, usiku hata zile taa za wavuvi hakuna, watoto niliwaahidi wataona taa ziwani kama mji mzima wakaona giza. Mimi nimekula dagaa wa Mwanza nikiwa Kigoma, nasema hivi nikiwa na akili timamu, nimewanunua sokoni Mwanga na muuzaji mwenyewe alinipimia kwa aibu. Samaki ndo wako likizo kweli. Miezi mitatu, maji ya kutosha, hawalipi 80,000 na hakuna anayewahesabia vijiko.

Nilichorudi nacho ni dumu la mawese, lita ishirini, ambalo njiani limevuja kwenye begi la kondakta, naye anataka shati, lakini hiyo ni stori nyingine. Sasa mawese yamejulikana mtaani. Sijui nani kasema. Nilishusha dumu usiku, nimelifunika shuka, asubuhi watu watatu wamekuja kunipa pole ya safari na kila mmoja ana chupa kwenye mfuko. Mwenyekiti wa kamati ya msiba naye kaniambia kwa upole kwamba wapishi wameishiwa mafuta, na kanitazama vile anavyotazama mtu mwenye hazina. Nimewapimia kikombe kikombe, dumu limefika nusu, na huyu jirani wa mkono wa kushoto, ambaye hata salamu ananipa kwa mkopo, yeye kaja na ndoo.